Imani ya Mwaka Gani? Utangulizi wa Masomo ya Dini Kilimanjaro

Hili ni somo ambalo watu wengi wa Moshi wanalijua bila kulisomea. Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapopanda kwenda Marangu, Rombo, Kibosho na Machame, hubeba watu watakaosali kanisani asubuhi ya Krismasi, kisha wakae chini ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo lililoachwa na babu, mbuzi akichinjwa na pombe ya mbege ikimwagwa kidogo ardhini kabla ya yeyote kunywa. Wengine wao hawamwagi. Wengine walimwaga ujanani wakaacha walipookoka, na wapo walioanza kumwaga uzeeni, baada ya kumzika baba. Somo letu linawahusu wote hao, lakini hasa hawa wa mwisho, watu ambao imani yao ina historia.

Mwanafunzi anayeanza huwa anapewa jedwali la safu mbili. Upande mmoja kuna imani ya Wachagga wa kale: Ruwa aliye juu, mizimu ya wahenga, tambiko, majani ya isale. Upande wa pili kuna Biblia, ubatizo, kipaimara, na pengine mstari mmoja kuhusu Uislamu. Katikati pameandikwa mwaka, kana kwamba mlima mzima ulilala usiku mmoja ukiwa upande wa kwanza ukaamka ukiwa wa pili. Jedwali hilo ni rahisi kukariri na limewapotosha watu wengi. Utangulizi huu unakuomba uliweke kando na uzoee kuuliza swali moja kila unaposikia kwamba mtu fulani aliamini jambo fulani: aliliamini mwaka gani, na kabla ya hapo alikuwa ameamini nini?

Nitaanza mbali kidogo, Ufaransa, kwa sababu huko yupo mtu ambaye swali hilo limeulizwa juu yake kwa subira kubwa kuliko lilivyowahi kuulizwa juu ya mzee yeyote wa Kilimanjaro. Victor Hugo alizaliwa mwaka 1802. Katika ujana wake alikuwa mshairi wa mfalme na wa Kanisa Katoliki, na tungo zake za mwanzo zilitetea vyote viwili. Mwezi Septemba 1843 binti yake Léopoldine, mwenye umri wa miaka 19, alizama katika mto Seine pamoja na mumewe, miezi michache tu baada ya ndoa. Hugo alikuwa safarini. Habari aliisoma gazetini. Miaka kumi baadaye, akiwa mkimbizi wa kisiasa katika kisiwa cha Jersey kwa kumpinga Napoléon wa Tatu, alianza kukaa usiku na familia yake wakizunguka meza ndogo iliyogongagonga sakafu, wakihesabu mapigo yake kama herufi. Roho ya kwanza waliyoamini kwamba imewajia ilikuwa ya Léopoldine. Mikutano hiyo iliendelea hadi mwaka 1855, na maneno yaliyotoka mezani yaliandikwa kwa makini daftarini.

Mwaka 1862 alitoa riwaya yake kuu, Les Misérables, ambayo inaanza na askofu mwema kuliko takriban maaskofu wote wa riwaya za Ulaya. Miaka miwili baadaye Vatikani iliiweka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Kwenye sensa ya 1872 alikataa kuandikwa kuwa Mkatoliki, akajitaja kuwa mtu mwenye fikra huru. Wosia wake unakataa sala za makanisa yote, unaomba dua ya kila roho, na unasema kwamba anamwamini Mungu. Alifariki Mei 1885, na serikali ikaliondolea jengo la Panthéon hadhi yake ya kanisa ili azikwe humo. Ukiulizwa Hugo alikuwa wa dini gani, huwezi kujibu kabla hujauliza ni Hugo wa mwaka upi.

Tazama jinsi maisha hayo yanavyosomwa. Usiku wa Jersey huitwa kipindi cha majonzi, na wachambuzi huufuatilia hadi ndani ya mashairi yaliyofuata. Hakuna anayefuta jina la Hugo katika historia ya fikra za Ulaya kwa sababu aliongea na binti yake aliyekufa. Mzee wa Old Moshi aliyesimama penye mimea ya masale akamweleza babu yake marehemu kwamba mtoto anaumwa, yeye ameandikwa katika ripoti nyingi kama mshirikina, mara nyingi bila jina wala mwaka, na bila neno lolote juu ya aliyekuwa amemzika mwezi uliotangulia. Mimi nauona huu kuwa udhalimu wa kitaaluma, na sehemu kubwa ya kazi inayokungoja ni kuurekebisha.

Mwaka aliokufa Hugo ndio mwaka wamisionari Waanglikana wa CMS walipofungua kituo Moshi, kwa Mangi (yaani mtawala) Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Hawakudumu. Juni 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani, na Wajerumani, wakiwashuku Waingereza hao, walihakikisha kwamba wanaondoka. Mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Misheni ya Leipzig, wakaanzia Machame, kisha Mamba na Old Moshi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Kilema mwaka 1890, wakitokea pwani. Meli mwenyewe alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Usiusahau mwaka huo unaposoma takwimu za ubatizo zinazopanda baada yake, ingawa pia usiufanye ueleze kila kitu, maana walikuwapo vijana waliotembea wenyewe hadi shuleni, wakiwaasi baba zao.

Mapadre wa Kilema walikuwa wa shirika lenye makao yake Paris, katika Ufaransa ileile iliyomzika Hugo bila padre. Nchi hiyo ilikuwa imetunga sheria ya 1882 ya kuondoa mafundisho ya dini katika shule za msingi za serikali, na mwaka 1905 ingetenganisha kabisa dola na makanisa. Vitabu vyetu vya shule vinapozungumzia ujio wa Ukristo huonyesha Ulaya iliyoamini kwa utulivu ikikutana na Afrika iliyoanza kuyumba. Picha hiyo ina kasoro pande zote mbili. Waliopanda mlima wakiwa na misalaba walitoka katika jamii zilizokuwa zikibishana vikali kuhusu Mungu, na baadhi yao walikuja na mabishano hayo mizigoni.

Alexandre Le Roy ni mfano mzuri. Alikuwa mmoja wa wasafiri wa 1890 pamoja na Askofu de Courmont wa Zanzibar, na kitabu chake cha safari hiyo, Au Kilima-Ndjaro, kilitoka mwaka 1893. Ni kitabu cha msafiri mwenye macho makali, kimejaa michoro, vituko vya njiani, mimea na masoko. Habari za dini ya wenyeji zimo, lakini hazikibebi kitabu. Mwaka 1909, akiwa sasa mkuu wa shirika lake duniani, alichapisha mihadhara yake ya Paris kwa jina La Religion des Primitifs. Humo anatetea kwa nguvu kwamba nyuma ya matambiko na hirizi za Waafrika kuna imani ya kweli katika Mungu mmoja aliye juu ya vyote. Waliokuwa wakipingwa hawakuwa wazee wa Kilema. Walikuwa wasomi wa Ulaya waliofundisha kwamba dini ilianza kama woga na uchawi, na kwamba itakwisha siku sayansi itakapokomaa. Mchagga aliingizwa mahakamani Paris kama shahidi wa kesi ya Wafaransa. Ushahidi wake ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini msomaji wa leo hana budi kujua aliitwa na nani na kwa ajili gani.

Bruno Gutmann ni mtu mwingine utakayeishi naye muda mrefu, upende usipende, kwa sababu hakuna aliyeandika mengi kuliko yeye juu ya Wachagga. Alikuwa Mjerumani, mchungaji wa Leipzig, alifika mwaka 1902, na miaka yake mingi aliitumia Kidia, Old Moshi. Waingereza walimwondoa mwaka 1920 baada ya vita. Akarudi katikati ya miaka hiyo na kukaa hadi 1938. Ukitaka kumwona akiwa kazini, fungua mafundisho ya jando aliyoyachapisha kwa majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Kuna fimbo iitwayo mregho, iliyochongwa mikato kwa mpangilio maalumu. Mwalimu wa vijana aliishika, akapita mkato mmoja baada ya mwingine, na kila mkato ulikuwa na somo lake, juu ya uzazi, juu ya mwili wa binadamu, juu ya adabu kwa wazazi. Gutmann aliandika maneno hayo kwa Kichagga na Kijerumani, mkato kwa mkato, kwa uvumilivu ambao siwezi kuusoma bila kumshukuru.

Na huyohuyo alikuwa mchungaji anayebatiza. Kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kuamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa likivikata linajikata. Vijana wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vya kusaidiana, kwa mfano wa marika ya zamani ya vita. Wengi humsifu hapo na kuishia hapo. Lakini wako Wakristo wa Kichagga waliomwona akiwazuia. Walitaka Kiswahili na Kiingereza, walitaka kahawa na pesa yake. Joseph Merinyo, aliyekuwa karibu naye Old Moshi, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa chama cha wakulima wa kahawa wenyeji, KNPA, mwaka 1925. Na maneno ya ukoo na ardhi yalipochapishwa Ujerumani miaka ya 1930 yaliangukia katika masikio ya siasa mbaya sana; baada ya Vita Kuu ya Pili wanateolojia walimkosoa kwa hilo. Msome Gutmann wa miaka ya kwanza na Gutmann wa 1938 kama watu wawili wanaofahamiana. Na kila anapoandika kwamba wazee walisema hivi, kumbuka kwamba wazee hao walikuwa wakizungumza na mchungaji, na kwamba baadhi ya watu waliomzunguka walikuwa wamekwisha kubatizwa.

Hatari ya kusahau jambo hilo inaonekana wazi kwa Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyechapisha Kilimanjaro and its People mwaka 1924. Anasimulia kwamba Ruwa aliwaweka watu wa kwanza katika shamba la migomba, akawaruhusu kula kila kitu isipokuwa kiazi kikuu kimoja. Akaja mgeni, akawashawishi, wakala. Msomaji yeyote aliyepita shule ya Jumapili anashtuka. Je, ni hadithi ya zamani inayofanana na Mwanzo kwa bahati, au ni Mwanzo iliyokwisha kupandwa kihambani na kuzaa kiazi badala ya tunda? Kufikia 1924 katekisimu ilikuwa imefundishwa Kilema na Machame kwa zaidi ya miaka thelathini, na mmisionari Rebmann alipita huku akihubiri tangu 1848. Mimi naegemea upande wa pili. Hata hivyo sioni kwamba hadithi hiyo inapoteza thamani kwa kuwa changa. Mtu aliyeifinyanga hivyo alikuwa akifikiri teolojia katika lugha yake, na huyo ni wa kusomwa kwa heshima ileile tunayompa mtunzi wa kale.

Katikati ya vitabu hivi vya wageni pana kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, Mkristo wa ukoo wa mamangi wa Marangu, alitoa kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera. Anamfuata mtu tangu kuzaliwa, anapita malezi, jando, ndoa, hadi kifo na yanayofuata kifo. Marealle alikuwa msomi na mtawala, mtu wa mikutano na barua za serikali. Hakuna aliyemlazimisha kuandika juu ya ahera ya mababu. Anaandika kama mtu anayejua kwamba vijana wa wakati wake hawatakuwa na wa kuwauliza. Ukimsoma, usiharakishe kuamua kama anaamini anachosimulia. Angalia pale anapotumia wakati uliopita na pale anapoteleza kwenye wakati uliopo. Angalia anapoeleza jambo kwa kirefu na anapolipitia haraka. Sauti yake hubadilika ndani ya kitabu kimoja, na mabadiliko hayo ni data kama ilivyo data yoyote ya utafiti.

Ukitoka kwenye vitabu, nenda makaburini. Zamani baba mwenye watoto alipokufa alizikwa kwake, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa kihambani penye masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Ulitumika pia kuweka mipaka na kupeleka maombi ya msamaha, na aliyeletewa jani hilo alitarajiwa kusamehe. Wamisionari walipiga vita ufukuaji, nao ukatoweka karibu kila mahali. Leo kaburi ni la saruji, mara nyingi na vigae na msalaba, jina na tarehe mbili. Lakini liko kihambani, hatua chache kutoka jikoni, na pembeni yake utakuta masale yamepandwa kwa mstari. Muulize mama wa nyumba hiyo kwa nini yapo. Mmoja atakuambia ni mapambo, jirani yake atasema ni mpaka wa shamba la shemeji, na wa tatu atanyamaza kidogo halafu akuulize wewe ni wa ukoo gani. Wanaanthropolojia Päivi Hasu na Knut Christian Myhre wameandika vizuri juu ya vifo, mazishi na nguvu ya uhai mlimani, Myhre hasa Rombo. Wote wawili wanafaa kwa sababu walikaa muda wa kutosha kusikia hata yule wa tatu.

Huenda unajiuliza kama riwaya ina nafasi katika somo hili. Inayo, ingawa mwandishi ninayemfikiria ni wa Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Katika Kichwamaji ya 1974, Kazimoto na wenzake wanabishana juu ya kuwapo kwa Mungu, na mwishoni Kazimoto anajiua. Katika Nagona na Mzingile, riwaya zake za baadaye, suala la Mungu limeacha kuwa mabishano likawa safari, mtu akitafuta njia katika ulimwengu usiotii saa wala ramani. Ni kosa la kawaida kumchukua Kazimoto na kumfanya Kezilahabi. Mwandishi anaweza kumpa mhusika mashaka ambayo yeye amekwisha kuyavuka, au ambayo hajathubutu kuyafikia. Lakini ukipanga riwaya zake kwa miaka yake unaona fikra ikitembea, na ukishaizoea kazi hiyo kwa Kezilahabi utaifanya vizuri zaidi kwa Marealle, na kwa mzee wa Kibosho asiyeandika chochote ila anakumbuka kila kitu.

Uwanja wetu una mapengo makubwa, na nayataja ili uchague lako mapema. Uislamu wa Kilimanjaro umeandikwa kidogo mno, ilhali misafara ya pwani ilipita hapa kabla ya misheni yoyote, na ilileta watu waliosali. Ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioingia makanisani katikati ya karne ya 20, ukiwataka watu watubu hadharani na kuacha mbege, uliwagawa ndugu wa nyumba moja, na wengi walioshuhudia wamekwisha kufa. Wanawake ndio pengo kubwa kuliko yote. Gutmann, Dundas na Marealle walizungumza hasa na wanaume, juu ya mababu wa kiume. Ni nani alimweleza mtoto wa kike nini, usiku ule kabla ya kubatizwa kwa jina jipya? Jibu halimo katika vitabu hivyo, lakini bibi wengi bado wapo.

Nyaraka zimetawanyika. Za Misheni ya Leipzig ziko Halle, Ujerumani. Za mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris, na miongoni mwake yamo majarida ya kila siku ambayo kila jumuiya ya shirika hilo ilitakiwa kuyaandika: mvua, wagonjwa, ugeni wa mangi, nani kabatizwa, nani kaacha kuja. Huku nyumbani, parokia na sharika kongwe zina madaftari ya ubatizo. Omba ruhusa kwa adabu, vaa heshima, usipige picha kabla ya kukubaliwa. Tafuta jina moja tu kwanza. Litafute katika ubatizo, kisha katika ndoa, kisha katika orodha ya waliotengwa na ushirika kwa kuoa mke wa pili au kwa kutambika, kisha katika waliorudishwa. Baadhi ya watu wa kizazi cha kwanza wanatokea katika orodha zote nne. Andika miaka pembeni ya kila tokeo, halafu panda kijijini kwake ukamtafute mjukuu wake, na umwulize babu alizikwaje.